Simba Mwenye Sauti Yangu

Nachingwea, Jumamosi

Eti picha inafaa watoto! Bwana wa gari la sinema ameshaandika hivyo kwenye karatasi yake, halafu ndiyo ananiuliza maoni mimi mkalimani, ninayezisemea picha zake kwa Kimwera.

Nikamwambia haifai. Mtoto wa mfalme anapotea porini, simba anamkuta, anamsalimu, anampandisha mgongoni na kuruka naye mawinguni. Tena si simba wa kuchora, ni simba hasa, manyoya yanapeperuka. Bwana akacheka. "Ni hadithi tu. Hata watoto wanajua."

Wanajua nini? Jioni hii kambi nzima ya vibarua wa karanga imepiga makofi simba alipomlamba yule mtoto mkono. Walionyamaza ni vibarua wa kutoka Kilimarondo peke yao. Kwao watoto ndio wanaolinda mahindi, na simba hupita kando ya mashamba.

Lakini lililonichoma nimelikuta nyumbani. Binti yangu Somoe, wa miaka sita, naye alikuwapo kwenye picha, na simba hakumwogopa hata kidogo. Nikamuuliza kwa nini.

"Si wewe baba uliyekuwa unasema? Yule simba ana sauti yako."

Na ni kweli, mimi na kile kipaza sauti, nikimsemea yule mnyama kwa sauti ya kubembeleza kama...

Jumatatu tunaipeleka picha hiyohiyo Kilimarondo. Nimekataa, sikusikilizwa. Haya, twende. Bwana hajui Kimwera hata neno moja. Simba akifungua kinywa tu, nitasema: "Kimbia, mwanangu. Mimi nakula watu."