Kaka Yangu, Kondomu, na Mhadhiri Anayetaka Tupatane

Shangazi mpendwa, nimebanwa na sina wa kumwambia ila wewe, nisaidie. Mimi ni ofisa wa forodha hapa Tonga, bandarini Nuku'alofa, na tangu Februari nasoma jioni shahada ya uzamili ya afya ya jamii, darasa lina kila aina ya watu, daktari wa meno, sajini wa polisi, mke wa mchungaji, nami nalipenda kupita kiasi kwa sababu nimechoka kupitisha makontena ya nyama ya mafuta matupu huku najua itawafanya nini watu wetu. Sasa humo yumo pia Penisimani, mhandisi wa maji, mtoto wa baba yangu mkubwa, yaani kaka yangu, na tuliishi vizuri tu, yeye anakaa mbele karibu na dirisha, mimi nyuma mlangoni, hatutazamani, kama mila inavyotaka kwa kaka na dada, mambo shwari.

Basi Daktari Whitlock, mhadhiri wetu kutoka Brisbane, mama mwema sana, akatuweka kundi moja la magonjwa ya zinaa, akamwaga kondomu mezani, akasema, "Haya, nani ataanza kutuonyesha?" Shangazi, Penisimani aliruka nje kwa dirishani na mkeka wake wa heshima umefungwa kiunoni, maana mlango ulikuwa upande wangu, nami nikasema mwanangu ana homa, na mtoto mwenyewe sina! Tangu hapo nikija yeye haji, akija mimi siji, na mhadhiri kaamua kwamba tumegombania shamba. Juzi kaniita: "Nyinyi ni ndugu, jamani, yamalizeni. Nimewatenga muwe wawili tu, Ijumaa mtawasilisha pamoja, mkikosa mmefeli." Nikasema asante.

Jana mkewe Penisimani akaja. "Wifi, kaka yako kasema anaacha masomo, wewe umalize." Nimelia, Shangazi, kwani yeye ndiye anayekwenda visiwa vya mbali kwenye matangi machafu, anayahitaji masomo haya kuliko mimi. Je, nimtangulie kujitoa?

Dada wa Kolofo'ou

Wewe Dada wa Kolofo'ou, hapo pa dirisha nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Pole, mwanangu. Lakini kumsingizia homa mtoto ambaye hata hajazaliwa, huoni aibu?

Mhadhiri wako si mchawi. Kwao kaka na dada hukaa kochi moja wakatazama sinema yoyote ile, atajuaje kwamba kwetu hilo ni mwiko? Ulipaswa kusema hapana, ukasema asante. Ukiendelea na asante zako atawafungia chumba kimoja na kuondoka na ufunguo.

Hajitoi mtu hapa. Leo hii mpigie dada wa baba zenu, amwambie Penisimani abaki darasani. Tangu lini mwanamume wa Tonga akambishia shangazi yake?

Kisha nenda kwa Daktari Whitlock, wewe mwenyewe, usimtume mke wa mchungaji. Mwambie Penisimani atazungumza na wanaume chumba kimoja, wewe na wanawake chumba kingine. Mwambie pia kwamba katika kila mkutano wa afya unaojaza familia nzima ukumbi mmoja, watu wetu huinamisha vichwa, hawaulizi kitu, wanarudi nyumbani na ugonjwa wao. Nimeyaona mimi, parokiani kwetu, mara nyingi tu. Hilo ndilo la kuwasilisha Ijumaa, na hakuna mtu wa Brisbane awezaye kulifundisha kuliko nyinyi wawili. Akikataa, mlete kwangu, nitampikia lu, nyama ya kufungwa kwenye majani ya magimbi, na kumweleza polepole.

Najua unaona haya kulitamka jambo lenyewe mbele ya mgeni. Lakini kaka yako yuko tayari kuitupa shahada yake ili wewe usifedheheke. Hujaombwa kutupa chochote, umeombwa kufungua mdomo. Ijumaa kiti cha dirishani kikiwa kitupu, usiniandikie tena kuniuliza nani alimtoa.