Mikono Yangu Mabegani Mwako

Wifi yangu mpendwa,

Mkeka wako ninao. Nimeanza na mkeka kwa sababu nakujua: ungeulizia kwanza watu, kuku na mvua, halafu mwisho kabisa ndiyo uulizie mkeka, kana kwamba umeukumbuka hapo hapo. Panya hawajaugusa. Kila asubuhi nautandika nyuma ya nyumba, pale pale karibu na migomba. Upande wa kulia nakaa mimi. Upande wa kushoto hakai mtu. Kuna kuku alijaribu juzi, nikamfukuza kwa kandambili.

Huu ni mwaka wa pili tangu uondoke. Nyumba ina wakazi wawili, mimi na cherehani, na kati yetu cherehani ndiyo yenye maneno. Nikisonga ugali wa muhogo nausonga wa watu wawili, mkono umezoea, na kesho yake nakula kiporo huku najisemesha kwamba napenda kiporo. Wifi, sipendi kiporo. Nina upweke, tena wa kujitakia, na mtu wa kumlaumu simpati nje ya nyumba hii.

Unakumbuka ulivyoingia Kagerankanda? Kaka yangu alikuoa kutoka kambi ya Nyarugusu, na majirani wakawa wanapita hapa kila saa na visingizio vya kuazima chumvi, kumbe wanataka kumwona Mkongo. Mimi mwenyewe nilikuchunguza wiki nzima. Nilisema sombe yako, hicho kisamvu chenu, imezidi mawese, nikala sahani mbili. Kaka alipofariki, ndugu zako walikuja kukuchukua. Ukawaambia hutoki, huwezi kumwacha wifi yako peke yake na mgongo ule.

Mgongo ule, jamani! Miaka ishirini ya kuinamia cherehani. Nilikuwa siinuki kitini mara moja, nainuka kwa vituo, na kila kituo nina kilio chake. Ndipo ukanieleza mlichofundishwa kambini katika kikundi cha wanawake, kupumua na kuusogeza mwili taratibu, akili ikiwa pale pale mwili ulipo. Ukasema mwili una vituo saba vya nguvu, vinaitwa chakra, vimejipanga kutoka mwisho wa uti wa mgongo mpaka utosini, na nguvu ikikwama kwenye kimoja, vingine vyote vinalalamika. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano.

Hukubishana. Uliniomba nyuzi.

"Nyuzi za nini?"

"Lete rangi saba."

Ukanilaza kifudifudi kwenye mkeka, ukazipanga mgongoni kwangu moja moja. Nyekundu chini kabisa mwisho wa uti, ya machungwa kiunoni, ya njano usawa wa tumbo, ya kijani usawa wa moyo, ya samawati shingoni. Uzi wa rangi ya nili sikuwa nao, ukatumia ule wa buluu iliyokoza wa sare za shule, na ule wa zambarau ukaniwekea utosini, ukadondoka, ukaurudisha.

"Pumua, wifi. Upeleke pumzi mupaka kwa nyekundu."

"Haifiki huko."

"Itafika. Pole pole. Hakuna mutu anakufukuza."

Ilinichukua karibu mwezi kufika kwenye ile nyekundu, Wifi. Kila asubuhi kabla ya wateja tulisimama miguu imeachana, magoti yamelegea, tunazungusha nyonga kama watu wanaosaga ulezi. Halafu mabega. Halafu mikono ipande na pumzi, ishuke na pumzi. Halafu unaniambia nigune mdomo umefungwa, mmmm, mpaka nisikie mtetemo kooni. "Hapa maneno inafungwa kama mutu hasemi," ukasema ukigusa koo lako. Nikakujibu kwamba langu halijawahi kufungwa hata siku moja, waulize majirani. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Siku nilipoinuka kwenye cherehani bila kilio, wewe ndiye uliyeshtuka, mimi hata sikugundua.

Mwisho wa mazoezi ulikuwa na jambo lako mwenyewe. Ulikuwa unalala chali, unakunja magoti, na mwili unaanza kutetemeka, mapaja kwanza, kisha tumbo, kisha mabega mpaka meno. Mara ya kwanza niliruka. "Mawe!" nikapiga ukelele wa Kiha, nikakimbilia kukushika. Ukanyoosha kiganja, ukanizuia.

"Usinishike. Acha itoke yenyewe."

Baadaye tukinywa uji uliniambia kwamba enzi za vita huko kwenu, ukiwa msichana, watu walikushika mabega ukiwa chini. Hukumalizia, na mimi kwa mara moja maishani mwangu sikuuliza. Ulisema tu, "Mabegani asinishike mutu, wifi. Hata weye." Nikaelewa kwa nini marehemu kaka alikuwa akikuamsha kwa kukugusa kisigino. Nikakuahidi. Niliahidi nikiwa na kikombe mkononi, nakumbuka hata kikombe chenyewe, kile cha bluu kilichobanduka ukingo.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu mwanzo wa barua hii.

Wewe unajua sala ya kanisani kwetu ilivyo. Ina sauti. Mtu akifumba macho akanyamaza, jirani anamgusa kiwiko aamke. Na mtu akitetemeka hakuna anayemuuliza, anashikwa na kuombewa mpaka atulie. Mimi nilikuwa katibu wa kina mama, na Alhamisi ile ilikuwa zamu ya nyumba yetu kuwapokea kwa ibada. Waliambiwa saa tisa alasiri, wakaja saa nane na nusu. Nilikuwa barazani napanga viti. Wao wakazunguka nyuma kuweka chupa za chai jikoni, wakakukuta mkekani, macho umefumba, mdomo kimya, mwili mzima unatetemeka.

"Katibu!" wakaniita. "Huyu ana nini?"

Jibu nilikuwa nalo, Wifi. Lilikuwa jepesi: ni mazoezi, hata mimi nafanya, mgongo wangu mnaouona umenyooka umenyookea hapo. Maneno yalinifika kooni. Nikawatazama wale wanawake, nikaona wanavyonitazama, nikaogopa wasije wakaniweka kundi moja na wewe. Nikasema, "Sijui. Ni mambo yake aliyotoka nayo kambini."

Kiongozi wetu akasema, "Mshikeni." Wawili wakashika miguu. Akanigeukia, "Katibu, mabega." Nikapiga magoti, nikakushika mabega. Na sikukushika kwa kuzuga. Nilikukandamiza chini kwa mikono yote miwili, mikono hii ya fundi, unajua nguvu yake.

Ulifumbua macho ukanikuta mimi. Ulisema tu, "Na weye?"

Kisha mwili wako ukakauka kama ubao, na wao wakapiga vigelegele wakashukuru kwamba pepo limetoka.

Ungenitukana ningepumzika. Jioni ile ulipika sombe, ukanipakulia mimi kwanza kama siku zote. Siku tatu ulifagia, ulinisalimia, uliteka maji. Mkeka hukuugusa. Siku ya nne ukatoka na begi lako, bodaboda inangoja barabarani ikupeleke Kasulu mjini kwenye mabasi. Nami katika maneno yote ya dunia nikaona niulize, "Na mkeka?"

"Bakia nayo," ukasema. "Mugongo yako inaihitaji."

Tangu siku hiyo koo langu limebana. Si kuumwa, ni kubana, kama kola iliyokatwa ndogo. Nimeenda hospitali, wakanimulika, wakaniambia niko mzima. Nimeguna mmmm asubuhi zote, mtetemo unaishia kifuani hauendi juu. Mimi niliyejisifu kwamba silijui kufuli la koo! Ungekuwepo ungenicheka, na ningekuacha unicheke mpaka uchoke.

Mwezi uliopita mteja mmoja aliniletea kitenge cha kushona, katika mazungumzo akasema ametoka Kibondo kwa dada yake, na kwamba huko kuna Mkongo anawafundisha wanawake kupumua. "Eti anawapangia vitambaa vya rangi mgongoni," akasema, anacheka. Mimi nikashona mkono wa gauni lake nje ndani, ikabidi niufumue.

Sikukuambia, lakini nilikuja. Nilipanda basi la asubuhi, mkeka nimeukunja kwapani uwe kisingizio, niseme nimeuleta tu. Nikaelekezwa mpaka kwenye ile nyumba yenye ua wa minyaa, nikasikia sauti yako kabla sijakuona: "Pole pole. Hakuna mutu anawafukuza." Nikasimama nje ya ua nikachungulia kama mwizi. Wanawake kama kumi hivi, wengine Waha, wengine Warundi, mmoja mzee kabisa, wote chali magoti yamekunjwa. Na wewe katikati, unatetemeka.

Hakuna aliyekimbia. Kando yako alikaa mama mmoja mnene mwenye kilemba cha njano, mikono yake ameiweka magotini, anakutazama tu. Hakusema kitu, hakukugusa. Alikaa mpaka mtetemo ulipokwisha wenyewe, akakupa maji. Wewe ukakaa, ukanywa, ukacheka kile kicheko chako cha kukaa chini. Ile ndiyo iliyokuwa kazi yangu, Wifi. Haikuhitaji hata ujasiri mwingi, ilihitaji kukaa tu.

Nilimwonea wivu yule mama wa watu mpaka nikatetemeka mimi. Nikaogopa kwamba ukiniona mwili wako utakauka tena, hapo mbele ya wanafunzi wako. Nikarudi kwenye mabasi. Nilikaa dirishani mpaka Kasulu nimeukumbatia mkeka wako, na abiria wa pembeni akanipa pole, akidhani natoka msibani.

Alhamisi iliyofuata nilisimama kwenye ibada ya kina mama kabla ya kusoma taarifa. Nikasema, "Wifi yangu hakuwa na pepo. Nilijua, na niliwadanganya. Yale mazoezi hata mimi nayafanya. Siku ile tulimshika mtu aliyekuwa anapona." Kimya kikaingia, kile tunachokiogopa. Kiongozi akasema, "Katibu, umechoka," akaanza kuomba kwa sauti, wote wakamfuata. Daftari la katibu sasa analo mwingine. Tukikutana njiani wananisalimia, hawajaacha adabu, wanainama na kupiga makofi ya heshima kama kawaida yetu. Lakini wewe unajua salamu ya Waha ilivyo ndefu, mpaka muulizane habari za mbuzi. Mimi napigiwa makofi mawili, wanapita.

Siwalaumu. Mimi nilikuwa kati yao, tena mbele. Koo limelegea kidogo tangu siku ile, naweza hata kuguna. Ila kuna kipande kimebaki, na hicho hakitoki kwa kuwaambia wao.

Barua hii nimeiacha wazi, anayetaka kuisoma aisome, kwa sababu nilikukosea mbele za watu na sitaki kukuomba radhi mafichoni. Nisamehe, Wifi. Nilikuwa najua mabega yako, na nikayashika. Sina la kuongeza hapo, na likiwepo litakuwa la kujitetea.

Sikuombi urudi Kagerankanda. Ninachoomba ni kuja Kibondo tena, safari hii niingie ndani ya ua. Nitautandika mkeka mbali, upande wa miguu yako, nyuma ya wote. Ukiniona na moyo ukakataa, nyoosha kiganja kama asubuhi ile ya kwanza. Nitakunja mkeka, nitaondoka, na sitakuuliza kwa nini. Ukiendelea tu kutetemeka, nitajua nimeruhusiwa kukaa.

Nitakaa pale utakaponiona ukifumbua macho, na mikono yangu itakuwa magotini, yote miwili.

Mimi wifi yako,
wa Kagerankanda.