Maoni Niliyompa Baba Kuhusu Bi Kidawa

Jumapili, alasiri. Korogwe kuna manyunyu tangu asubuhi, yale ya kulowesha nguo kambani bila kumsaidia mkulima yeyote. Nimeanika, nimeanua, nimeanika tena, nimeanua tena. Mwisho nguo nimeziacha kwenye beseni nikakaa na simu yangu.

Wasomaji wanasubiri maoni. Kwa asiyenijua, siku za wiki nauza vipuri vya pikipiki kwenye duka moja hapa Manundu, na kila Jumapili naandika juu ya tamthilia niliyoiangalia. Mdomo wangu ndio ulioniletea wasomaji, sijivuni, ndivyo ilivyo. Huku upande wa shajara huwa wanafika wachache tu, na leo ndio ninaowataka.

Leo sina maoni. Nina la kukiri.

Nimemkosesha baba yangu mke.

Nianze na tamthilia yenyewe, maana bila hiyo hamtanielewa. Kuna Mzee Sudi, mwenye duka la mbao mjini, amefiwa na mkewe. Anamuoa Bi Kidawa, mama wa makamo, mpole, si mrembo wa kutisha. Binti yake mkubwa, Mwantumu, hamtaki. Kwa miezi minne sasa nchi nzima imegawanyika, na mimi nimekuwa upande wa Mwantumu tangu siku Bi Kidawa aliposhusha begi lake pale mlangoni. Niliandika kwamba amekuja kula mali ya marehemu. Niliandika kwamba upole wake ni wa mapambo. Wiki moja sikupata hata kosa la kutaja, nikaandika kwamba anapika chai nyepesi.

Wasomaji walinishangilia. Dereva mmoja wa bodaboda aliandika kwamba Bi Kidawa akipanda pikipiki yake atamshusha porini. Dada mmoja alisema mama yake mdogo ana sura hiyohiyo, na akatoa visa vitatu. Aliyenipinga alikuwa mmoja, Mama Neema, mwenzangu dukani. Mama Neema kazaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge, mama yake akafariki yeye bado ananyonya, akalelewa na mke mwingine wa baba yake. Aliniambia, huku anapanga minyororo ya pikipiki, kwamba tunamhukumu mtu ambaye hata nguo zake za ndoa hajazifua. Nilicheka, nikamwandika kwenye ukurasa kama kichekesho.

Sasa baba.

Baba anaishi Mazingara, Handeni, analima mahindi na ana michungwa yake. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Mama ndiye aliyekuwa mpenzi wa tamthilia pale nyumbani. Baba alikuwa akipita mbele ya runinga makusudi. Baada ya msiba simu zetu zilikuwa za dakika mbili. Hujambo, sijambo, mvua vipi, haya. Mama ndiye aliyejua kutuzungumzisha, na sisi wawili tulibaki kama wageni waliokaribishwa sebuleni na mwenyeji katoka.

Kisha baba akaanza kuangalia. Ana sola, ana king'amuzi, na kila Jumamosi alasiri wanarudia sehemu zote za wiki. Majirani wanakuja na kukaa kwenye mkeka. Ikiisha, ananipigia, na hapo hatunyamazi. Maoni ya baba hayafanani na ya mtu mwingine. Kila mtu kwenye tamthilia anampima kwa kazi. Wiki ya kwanza aliniuliza, hivi hawa hawalimi, mbona wanakula tu? Mzee Sudi alimwona mvivu, kwa sababu hajawahi kuonekana akibeba hata ubao mmoja. Mwantumu alimhurumia, lakini akasema binti wa umri ule haitii chumvi mboga, anaingia jikoni kutafuta simu.

Na Bi Kidawa alimpenda. Alisema, "Huyu ndiye pekee tuliyemwona anaosha sufuria."

Mimi nilikuwa nabisha, yeye anabisha, dakika arobaini zinakwisha. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu tumzike mama.

Wiki tatu zilizopita, tulipokuwa tunakaribia kukata simu, baba alikohoa kidogo. Ananiita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake mzazi. Akasema, "Hebu niambie, mama. Ungekuwa wewe ndiye binti wa nyumba ile, ungefanyaje?"

Nikajibu bila hata kumeza mate. Nikasema ningefunga virago vyangu siku hiyohiyo, na nyumba ya baba nisingeikanyaga tena mpaka siku ya kumzika.

Akasema haya, nimesikia, akaniuliza kama mvua za Korogwe zimeanza.

Jana nilikwenda Mazingara kumpelekea dawa zake za presha na miwani mipya. Nilifika kabla ya adhuhuri. Mkeka ulikuwa umekunjwa na kusimamishwa ukutani. Nikamuuliza majirani watakuja saa ngapi kuangalia. Akajibu kwamba siku hizi anaangalia mwenyewe. Nikamuuliza, na Bi Tatu? Akasema kaenda kwa mwanawe Mkumbara, akatoka kwenda kutazama mbuzi ambao walikuwa wamefungwa palepale mbele ya macho yetu.

Bi Tatu ni mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila Jumamosi.

Shangazi Zaina, dada yake baba, alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikakaa nikashika hindi. Tuliongea Kizigua, polepole, na akanieleza yote bila kuinua uso. Baba alitaka kumuoa Bi Tatu. Walikuwa wamekwisha kuelewana. Kilichobaki ni kuniuliza mimi, na kwa desturi shangazi ndiye angekuja Korogwe kukaa na mimi kitako, kwa sababu baba hawezi kumtajia binti yake jambo kama hilo mdomo kwa mdomo. Shangazi alikuwa amekwisha kufua kanga za safari. Baba akamwambia asubiri kwanza, acha anipime mwenyewe, tuna tamthilia yetu tunayoizungumza.

Akanipima. Nikampa majibu.

Jumatatu yake alimtuma shangazi kwa Bi Tatu, badala ya kwangu, kumwambia kwamba jambo lile limekwama. Bi Tatu alisema sawa, akamaliza kupalilia kipande chake cha mihogo, Alhamisi akapanda basi. Shangazi aliponieleza hayo ndipo akaniangalia. "Kwenye kiti cha mama yako hakuwahi kukaa hata siku moja," akasema. "Alikuwa anakaa mkekani, karibu na mlango."

Niliendelea kupukuchua mpaka kidole gumba kikachubuka.

Saa tisa tulikaa kuangalia, mimi na baba, wawili tu. Mnaofuatilia mnajua kilichotokea wiki hii. Mwantumu anatoa vitu vya Bi Kidawa nje. Bi Kidawa hagombani, anaokota kimoja kimoja, anakunja, anaweka kwenye lile begi. Mzee Sudi amesimama dirishani, hashuki. Miezi minne nimekuwa nikiandika kwamba siku hii ikifika nitapika pilau. Nilikuwa nimekaa pembeni ya baba, na pilau sikuitaja.

Matangazo yalipoanza, baba alichukua rimoti akapunguza sauti. Akasema, "Mtunzi kawasikiliza watu wako."

Hakuwa amekasirika, na ndiyo maana iliniuma. Nikamwambia baba, ile ni tamthilia tu, watu tunaandika kufurahisha genge.

"Najua ni tamthilia," akasema. "Mimi nilikuuliza wewe."

Adhana ya alasiri ikaanza. Akavaa kofia yake akaenda msikitini, na mimi nikabaki naangalia watu wanaotangaza sabuni.

Leo asubuhi alinisindikiza mpaka barabarani na kiroba cha machungwa. Hakurudia lile jambo, nami sikuthubutu. Aliniambia niwasalimie wa dukani, akafunga mwenyewe kiroba nyuma ya pikipiki niliyokodi, akakivuta mara mbili kuona kama kimekaza. Baba yangu ana miaka sitini na nane. Ataingia ndani, ataangalia peke yake, ikiisha atanipigia tubishane, na atajifanya haikumgharimu kitu. Najisikia vibaya kiasi kwamba machungwa yenyewe sijayafungua.

Nimefungua ukurasa tangu nirudi. Komenti zimejaa. Dada, tumeshinda, kaondoka. Dada, pilau iko wapi? Yule wa bodaboda ameandika kwamba leo analala vizuri.

Ningeweza kuishia hapa, nikajiita mtu aliyeteleza ulimi. Mngenihurumia. Mngesema dada hukujua, ulikuwa unaongelea sinema.

Nilijua.

Sikuwa nimeambiwa na mtu, ila nilijua. Mwezi wa kwanza tu wa tamthilia hii, baba akiwa ananieleza jambo kwenye simu, nilisikia mwanamke akicheka nyuma yake, kisha akamwambia chai inapoa. Ilikuwa sauti ya Bi Tatu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kumwambia hivyo. Wiki ile ndiyo niliyoandika juu ya chai nyepesi. Rudini mkasome, mtaona tangu hapo makala zangu zinavyozidi ukali. Nilikuwa namfukuza Bi Tatu kwa jina la mwingine, mbele ya watu waliokuwa wananipigia makofi, na baba aliponiuliza swali lile nilikuwa na jibu lake miezi mitatu kabla.

Kwa nini? Nimejiuliza tangu jana. Jibu ninalolipata si zuri. Nilifurahia huzuni ya baba. Maadamu alikuwa mpweke, Jumamosi jioni alikuwa wangu. Nilimpata baba nikiwa na miaka thelathini na moja, baada ya mama kuondoka, na sikutaka kumgawana na mtu. Jina la mama nilikuwa nalitumia tu kama ngao.

Na nisijifanye nimegeuka malaika leo kwa sababu nimelia kidogo. Nikifikiria mtu mwingine akifungua kabati la vyombo vya mama, bado kifua kinabana. Labda kitaendelea kubana. Sasa naona kwamba hilo ni la kwangu, nikae nalo mwenyewe, baba asilipie.

Saa nane nilimpigia Shangazi Zaina. Nikamwomba twende Mkumbara. Akasema, "Nilimrudisha kwa maneno yako. Leo nimfuate kwa maneno yako tena?" Nikamwambia kwamba safari hii maneno nitayabeba mwenyewe, yeye anisindikize tu, kwa sababu siwezi kwenda kumposea baba yangu peke yangu kama mwendawazimu. Hapo alicheka, kidogo. Akasema hakuna anayeahidi kitu. Bi Tatu ana mwanawe, ana wajukuu, huenda kule amekwisha kupata shughuli na utulivu wake. Huenda pia amekasirika, na ana haki. Tumekubaliana atashuka na basi la asubuhi, tukutane Korogwe tuendelee pamoja. Ruhusa nimekwisha kuiomba, na Mama Neema atanishikia zamu. Nilimweleza kila kitu kwenye simu. Hakusema, "Nilikuambia." Aliuliza tu kama nina kanga ya kubeba mkononi, maana huko hakuendwi mikono mitupu.

Baba hatujamwambia. Kama Bi Tatu atakataa, sitaki asubiri tena jibu la kukataliwa.

Wadau, makala ya leo haitakuwepo. Za nyuma sitazifuta. Zikae hapo nizione.

Kuna moja la mwisho, na hili hata shangazi hajui. Siku ya Idd nilikuwa nyumbani Mazingara, na Bi Tatu alikuja na sahani ya maandazi. Ni mkubwa kuliko mama yangu alivyokuwa. Nilimtazama usoni, nikasema, "Habari za asubuhi," kama ninayemsalimia mwenzangu wa sokoni. Aliisikia shikamoo isiyotoka. Alibaki amesimama na sahani yake, akaisubiri kidogo, kisha akajibu, "Nzuri, mwanangu," akaweka maandazi mezani, akaenda kukaa.

Nimekuwa nikitafuta tangu mchana maneno ya kuanzia pale mlangoni kwake. Nadhani kesho nitaanza na hiyo shikamoo, na nitakaa kimya mpaka aamue kama ataiitikia.