Mpaka Katikati ya Anga

Kasulo, Ngara,
Jumapili, baada ya misa.

Rafiki yangu Domisiana,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi nilichokisikia tulipoongea mara ya mwisho kimekuachia. Mimi sijambo, ila nimechoka. Nyumbani wote wanakusalimu. Mama anauliza kila mara kama umenenepa, maana kwake Dar es Salaam ni mji wa kukondesha watu. Majuzi nilipita Nyabusozi nikamwamkia mama yako. Nilimkuta anaanua mihogo, hali yake nzuri, miguu tu ndiyo inayomsumbua asubuhi. Alisema nikikuandikia nikukumbushe kwamba nyota yeye anaziona kila siku bure, kwa hiyo kama hizo zenu hazijaiva, zisiwe sababu ya kutokuja Krismasi.

Utashangaa kupata karatasi. Anakuletea Celestini, yule mwenye duka la dawa za mifugo, anayekuja huko kufuata mzigo. Kwenye simu siwezi. Kwenye simu wewe unacheka, mimi nakasirika, mtandao unakata, na kila mmoja anabaki akiamini kwamba ameshinda. Uliniuliza swali ukataka ndiyo au hapana. Nimekaa chini nikujibu bila kukatizwa.

Kwanza habari za watu wetu. Sijui kama bado unasoma wanayoandika kwenye kundi wale wanaoisubiri gemu yetu, Anga Moja. Mwanzoni walikuwa wanauliza itatoka lini. Sasa wanatania tu. Mmoja ameandika kwamba tangu tutangaze gemu hii ameoa, amepata mtoto, mtoto ameanza shule, nasi bado tunarekebisha mlango. Mwenzake akamjibu asikate tamaa, mjukuu atacheza. Nilicheka kidogo, kisha nikafunga simu nikakaa. Ningependa watutukane. Anayetukana bado anataka kitu.

Haya yanayofuata unayajua kuliko mimi, lakini niache niyapange kwa maneno ya kawaida, maana nataka kuona kama bado nayaamini. Tuliahidi anga moja ambamo watu wote wataruka pamoja. Hakuna kompyuta moja inayoweza kubeba anga zima, basi tukaligawa: seva hii inashika upande huu, ile inashika upande ule, na mchezaji asijue kabisa mstari umepita wapi. Chombo kikifika mstarini, seva ya kwanza inakikabidhi kwa ya pili. Ugomvi wetu wa miaka yote uko hapo, kwenye kukabidhi. Njia yako ni kwamba ya kwanza irushe na kuachia papo hapo, iamini mwenzake amedaka. Chombo kinapita laini kama maji. Ila mara mojamoja mtandao ukiyumba, mwenzake anakuwa hakudaka, na chombo hakipo tena upande wowote. Njia yangu ni kwamba ya kwanza isiachie mpaka ya pili ijibu kuwa imeshika. Hapo hakipotei kitu, lakini chombo kinaganda kidogo mstarini, na mchezaji anauona mpaka tuliomwahidi kwamba haupo.

Ulisema mbele ya wenzetu kwamba hakuna mtu anayekwenda angani kupanga foleni. Idefonsi, ambaye kwa miaka hii yote amechora sayari ambazo hakuna aliyezikanyaga, alicheka mpaka akamwaga chai. Ukasema tena kwamba chombo kikipotea mchezaji apewe kingine kama kile, rangi ileile, na wala hatajua. Nikasema atajua. Ukauliza atajuaje. Nilirudia tu kwamba atajua, na wewe ukaniita karani wa forodha, ukawafundisha na wengine waniite hivyo.

Unakumbuka ugomvi huo ulikoanzia. Kidato cha kwanza, kwenye foleni ya maji bwenini, nilikupa ndoo nikakataa kuachia mpini. Ukavuta, nikavuta, maji yakaishia kwenye sketi zetu. Uliniuliza kama nina pepo au nina uchoyo, nichague kimoja. Nikakujibu kwamba hujasema umeshika. Ndivyo tulivyolelewa. Kikombe cha uji, kisu, mtoto mchanga, hakuna kinachotoka mkononi mwako mpaka anayepokea aseme “ndafashe”, yaani nimeshika. Nilidhani ni mila ya watu wote. Bwenini ndipo nilipogundua kwamba ni ya nyumbani kwetu peke yake, maana hata Wahangaza wa upande wa baba hawana jambo hilo. Baba alilizoea tu, kama mtu anavyozoea chumvi ya mkewe.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Uliponiandikia kwamba lazima tuchague njia moja kabla ya onyesho, na kwamba wageni watakaokuja kulitazama hawatatupa nafasi nyingine, niliamua kuzijaribu zote mbili kwa mtu asiyejua gemu. Nikaweka kompyuta zangu mbili mezani, kila moja ishike nusu ya anga, nikamwita mama aache kuchambua maharage. Nikampa simu. Hata simu hiyo hakuipokea mpaka aliposema neno lake.

Nilianza na njia yako. Domisiana, alifurahi. Alisema ni kama pikipiki ya Benako isiyo na vumbi wala dereva wa kubishana naye. Alivuka mstari akirudi na kwenda bila kuuona, akaniuliza kama hiki ndicho kilichotuzeesha, akasema Mungu alimaliza mbingu na nchi kwa siku sita na alikuwa peke yake. Nikaanza kuuchezea mtandao, nikiuvuruga makusudi, kama unavyovurugika wenyewe huku mvua ikinyesha. Akavuka tena, na safari hii chombo kikatoweka. Nyota zikabaki.

Mama aliugeuza uso wa simu huku na huku, akauliza kimekwenda wapi. Nikamweleza vizuri sana, kwa furaha hata, kwa sababu nilikuwa nimepata shahidi. Nikamwambia upande wa kwanza umekiachia ukidhani wa pili unacho, na wa pili haukujua kama kinakuja. Akauliza kama ina maana kila mmoja yuko na amani, akijua kiko kwa mwenzake. Nikasema ndiyo, hiyo ndiyo hatari yenyewe, hakuna anayekitafuta.

Akalaza simu kifudifudi mezani, akatoka. Nilidhani amekumbuka chungu jikoni. Sikusikia chungu.

Nilimkuta amekaa kwenye kinu kilicholala. Akaanza kuzungumza Kirundi, lugha ambayo kwetu hutoka msibani na kwenye sala tu, nami nikasimama pale mlangoni kwa sababu aliniashiria nisikaribie. Alisema walipokimbia vita kule Burundi, yeye akiwa msichana wa darasa la tano, walikuwa watatu: yeye, dada yake Kaneza, na mdogo wao wa kiume aliyeitwa Sindayigaya. Walipokezana. Mmoja akibeba mzigo, mwingine anamshika mtoto mkono, wakichoka wanabadilishana. Walipofika bondeni kwenye mafunjo, watu wakiwa wengi na mvua imewapiga, mama alimsogeza mtoto nyuma kwa Kaneza akamwachia, akajitwika mzigo. Kaneza alikuwa ameinama anavuta mguu kwenye tope. Akatembea akijua mtoto yuko mbele na mama. Mama akatembea akijua yuko nyuma na Kaneza. Walitembea hivyo hadi jioni, na mama anasema jioni ile alikuwa na nafuu moyoni, maana mkono ulikuwa umepumzika. Walipokutana penye maturubai huku Kasulo, kila mmoja alitazama mkono wa mwenzake.

Walirudi kumtafuta. Hawakumpata, wala hawakupata mtu aliyemwona.

Nina umri wote huu na sikuwahi kujua kwamba nina mjomba. Mama na dada yake hawakuwahi kulisema tena. Mama mkubwa Kaneza aliporudi Burundi akakaa Muyinga, wakabaki kupigiana simu Krismasi na kuulizana habari za mvua. Kila mmoja anangoja mwenzake aseme ni nani aliyeachia. Neno “ndafashe” mama alianza kulidai siku aliponizaa, kwa mkunga, kabla hajakubali nipelekwe kupimwa uzito.

Nilitaka kuzima kompyuta. Akaja mwenyewe mezani akauliza kama kuna namna nyingine, maana nilimwambia ziko mbili. Nikamwekea ya kwangu. Alikipeleka chombo mpaka mstarini, kikaganda. Nimezoea mno kuomba radhi kwa kule kuganda, basi nikaanza kumweleza kwamba ni kasoro, kwamba wewe unasema inatutia aibu, kwamba tutapunguza. Akaniambia ninyamaze, wale wawili wanaongea. Kisha chombo kikapita. Akakirudisha, kikaganda, akangoja, kikapita. Baba aliingia akauliza chakula, akaoneshwa kiti. Mama aliendelea hivyohivyo, kwenda na kurudi, hadi chaji ikaisha.

Sasa swali lako, kama nakubali tutumie njia yako. Siwezi kukupa ndiyo. Lakini na hapana yangu siiamini tena kama hoja ya fundi, kwa sababu nimeona inakotoka, na haitoki kwenye kompyuta. Unachosema ni kweli: ni chombo cha kuchora, na mwenye kukipoteza anaweza kupewa kingine akaendelea na safari. Miaka hii yote nimekupinga kwa michoro na mahesabu, kumbe nilikuwa nashika mpini wa ndoo. Kama ndilo lililotuchelewesha, sijui. Labda lilituchelewesha. Siombi radhi, na sitaki uniombe wewe.

Lililo zito ni hili. Mama ameniomba nimsindikize Muyinga. Anataka kukaa na dada yake waulizane kwa mdomo, kabla mmoja hajaenda kaburini na jibu. Anaogopa, ndiyo maana ananitaka mimi na si baba. Tutaondoka wiki ileile ya onyesho. Kwa hiyo sitakuja Dar es Salaam, na nikirudi kutoka Muyinga sitarudi kwenye Anga Moja. Shule ya sekondari ya hapa jirani wameniomba nifundishe fizikia, nimekubali. Si kwa hasira. Nimesimama mstarini miaka mingi mno, Domisiana, nataka kuwa upande mmoja.

Ndani ya bahasha hii umekuta flashi. Sehemu yangu yote imo, na njia zote mbili zinafanya kazi, nimeandika mahali pa kubadilisha. Chagua wewe, umechoka kama mimi na bado unataka. Ukichukua yako, sitasema neno. Ukichukua yangu, nakuomba usihangaike kuificha ile kuganda. Weka mwanga mdogo tu upande wa pili, mtu aone kuna anayempokea.

Nisalimie Idefonsi, mwambie sayari yake yenye milima ya kijani mama amesema inafanana na vilima vya Keza huku kwetu, ila amesahau migomba. Wasalimie na wenzetu wote. Kunywa tangawizi kwa ajili ya kifua.

Na ukishaipata flashi, nitumie neno moja, unalijua. Nimeiandika barua hii kama mtu aliyekwisha kuondoka, lakini leo kabla ya misa niliamka nikajikuta nimefungua kompyuta nasahihisha palepale mstarini. Nitaendelea hivyo kila asubuhi mpaka useme.

Ni mimi rafiki yako,
Priscila Gaspari,
karani wa forodha.