Fundi Jana: Safari ya Kwanza ya Ziwani Bila Wewe

Mwaka umetimia, Baba, tangu uondoke bila kuaga, wewe ambaye hukuweza kwenda hata kununua uzi bila kuaga mara tatu na kurudi mara mbili.

Wateja walikuita Fundi Jana. Mafundi wenzako waliwaambia watu, "Njoo kesho." Wewe ukiulizwa nguo itakuwa tayari lini, ulijibu, "Tangu jana." Kukaa hukukujua. Chai uliinywa umesimama, tepu shingoni, kama mtu anayefukuzwa na mvua. Na kila nguo iliyotoka mikononi mwako ilikwenda na ahadi: mshono ukifumuka, unakuja mwenyewe kuurudia.

Likizo ndefu ikifika, ulitupeleka ziwani. Basi liliondoka saa mbili. Sisi tulikuwa kituoni saa kumi na moja alfajiri, tukimsaidia mfagiaji kungoja jua. Ufukweni watu walijilaza mchangani, wewe ukazunguka kukagua mapindo ya miavuli yao.

Hatujausahau mwaka ule uliposhona sare za wahudumu wa hoteli, kitambaa cha kijani chenye mistari, na kilichobaki ukatushonea sisi sote nguo za safari. Hukuona kosa mpaka bwana mmoja mnene alipompigia Mama makofi: "Dada, soda mbili baridi, na meza hii ifutwe."

Mama alikugeukia. "Baba Watoto, umesikia?"

"Nimesikia, mke wangu. Kasema baridi."

Ukaenda kuzileta mwenyewe. Hadi jioni ulikuwa umehudumia meza sita, na Mama alikununia mpaka tukarudi nyumbani.

Tangu uondoke, nyumba haitulii. Mama alifunga duka, akafunika cherehani kwa shuka, kisha akaanza kutembea: jikoni, uani, mlangoni, jikoni tena. Anafagia palipofagiliwa. Mwezi uliopita akatangaza kwamba cherehani inauzwa, mnunuzi anakuja Jumamosi. Dada Mkubwa alilia. Kaka akasema la Mama ni la Mama. Kitindamimba wako, aliyekuwa amerudi likizo kutoka bwenini, hakusema kitu, na hilo peke yake lingetosha kumtia kila mtu wasiwasi.

Siku ya pili barua ikapenyezwa chini ya mlango. "Kwa Mheshimiwa Mjane wa Marehemu Fundi," ilisema, "kwa masikitiko makubwa tunakuarifu kuwa sare zetu zinafumuka mbele ya wageni." Imetiwa saini: Meneja wa Hoteli.

Mama aliisoma mara mbili. "Zinafumuka? Mshono wa mume wangu?" Akachukua mkasi na sanduku la sindano. "Kesho tunakwenda ziwani. Wote."

"Na mnunuzi, Mama?" kitindamimba aliuliza kwa upole wa malaika.

"Angoje."

Njia nzima hakutazama dirishani. Alifungua sanduku, akalifunga, akalifungua. Tulipofika, meneja, mama wa makamo mwenye miwani, aliisoma ile barua, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Mimi sijaandika hii, dada yangu. Sare zile? Mwaka wa nne huu, hata kifungo hakijadondoka."

Akamwita mhudumu mmoja. Mama alivuta mshono wa shati lake kwa kucha, ubavuni, kwapani, begani. Haukuachia. Akabaki ameshika ile nguo, machozi yanamtoka, na yule kijana wa watu amesimama mikono juu kama aliyekamatwa. Kitindamimba alikuwa akipima umbali wa mlango.

"Wewe," Mama alisema bila kugeuka. "Masikitiko makubwa. Ndiyo unayosomea huko?"

"Nisamehe, Mama."

"Umemsingizia baba yako mshono mbovu."

Hapo mzaha ulimwishia. Alikuwa amefikiria karatasi, wino, hata mwandiko wa kimeneja. Hilo hakulifikiria.

"Nilitaka cherehani isiondoke," alisema.

Aliyejibu ni yule mhudumu, mikono bado juu. "Samahani, Mama. Halijafumuka, ila linanibana. Nimenenepa tangu fundi anipime. Nilikuwa naona aibu kusema."

Mama alimtazama tumbo, akamtazama usoni. "Vua," alisema.

Akaketi barazani, akalifumua shati ubavuni. Ulikuwa umeacha akiba ya kitambaa ndani, vidole viwili kila upande, kama kawaida yako. Aliitazama kwa muda, akatia uzi. Saa nzima hakuinuka, na sisi tulikaa kimya tukiogopa kupiga chafya.

Jumamosi mnunuzi alibisha hodi. Mama alimtuma kitindamimba mlangoni peke yake, akamwambie kwa mdomo wake mwenyewe kwamba haiuzwi na ni kwa nini.

Wanaokukumbuka ni mkeo, aliyefungua duka Jumatatu na tayari anagombana na wateja, Dada Mkubwa na mumewe, Kaka, wajukuu wako wawili, na kitindamimba wako, anayekuomba radhi hapa, mbele ya watu wote watakaosoma, na kukiri kwamba ile barua ilikuwa ya uongo kuanzia anwani hadi saini. Mshono wako ni mzima.

Hutatutoka moyoni, Baba, hata siku moja.