Nukta za Maandishi Safi

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai ujumbe huu unakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba mgongo wake umetulia. Mimi sijambo, ila macho yananiuma kwa kutazama kompyuta kutwa.

Kwanza nikutanie: barua yako ya mwisho umeipiga chapa na kuituma kwa simu! Si wewe uliyesema simu haina mwandiko? Haya, umekuwa mtu wa kisasa, nami nakujibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa jambo lenyewe. Nakutengenezea tovuti ya karakana yako ya kupaka mabango, ili wateja waliokimbilia mabango ya mashine wajue kuwa fundi wa brashi bado yupo. Kimebaki kitu kimoja tu, fonti ya vichwa, yaani yale maneno makubwa ya juu ya kila ukurasa. Bosi wangu anasema siku hizi vichwa viwe safi, herufi zisizo na mikia wala madoido. Nimekuambatishia tatu. Ya kwanza nyembamba, ya pili imejaa kidogo, ya tatu ina vikia. Nichagulie, maana nimezitazama mpaka zote zimekuwa ndugu.

Mwanao,
Nukta

9 Februari

Nukta mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo wa Mama umetulia, ulimi ndio bado. Anauliza kama unakula.

Fonti zako nimeziona. Ya kwanza imekonda mno, utadhani jana imetoka kulazwa. Ya tatu ina maringo. Ya pili ndiyo yenyewe. O yake ni duara kweli, a yake ina tumbo la kutosha, na herufi zinapeana nafasi ya kupumua. Mama kaisoma bila miwani, akasema, "Hii haina kelele." Chukua hiyo. Bosi wako ana akili, ingawa usimwambie.

Kuhusu kupiga chapa, ni rahisi tu. Usinichimbe.

Baba yako

12 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwambie Mama nakula, tena sana.

Ya pili imepita! Hata mimi nilikuwa naipenda hiyo, niliogopa tu kutangulia kusema. Nimeiweka kwenye vichwa vyote, na kurasa zimetulia mpaka raha.

Ila juu kabisa ya ukurasa wa kwanza sitaki fonti. Nataka jina la karakana, Maandishi Safi, kwa mkono wako: kivuli chekundu nyuma ya herufi, na ule mkia wako unaotoka kwenye i ya mwisho na kurudi chini ya jina lote kwa pumzi moja. Lipake kwenye ubao, Mama alipige picha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipandisha kwenye stuli niweke nukta za i kwenye kila bango? Ulikuwa hukubali kuziweka mwenyewe. Mteja akilalamika unamwambia, "Mwenye nukta yuko shule, subiri." Ndipo ukaanza kuniita Nukta, na jina hili nalipenda kuliko nililopewa siku ya kuzaliwa. Safari hii itabidi uziweke wewe.

Mwanao,
Nukta

20 Machi

Nukta,

Marahaba. Hatujambo. Nisamehe kwa kukawia, kazi zilinibana. Picha hiyo hapo. Kivuli na mkia nimeviacha. Mnataka safi, basi nami nimekwenda na wakati.

Baba yako

21 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nimetoka kulia chooni hapa kazini, kwa hiyo nivumilie nikiandika ovyo.

Picha ilinifurahisha. Nilimwonyesha bosi, akasema ni safi sana. Kisha nikaikuza kwenye kioo cha kompyuta. Kingo za M zina meno madogo madogo, pale rangi ilipopenya chini ya utepe wa gundi. Utepe, Baba! Wewe uliyemfukuza fundi mzima kwa kubandika utepe ukutani ili anyooshe herufi, ukamwambia huo ni wa kufungia maboksi. Hapo nikakumbuka na zile barua za kupiga chapa.

Mkono una nini? Sikulaumu. Nakupenda, naogopa, na niko mbali. Tafadhali niambie.

Mwanao,
Nukta

15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Bado hujanijibu. Nikipiga simu Mama anasema umelala, mchana kweupe, nami sijawahi kukuona ukilala mchana.

Tovuti iko tayari, ila pale juu pako wazi. Sitapajaza kwa fonti, hata iwe nzuri namna gani. Nakusubiri wewe.

Nukta

2 Mei

Nukta mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa ile shikamoo ambayo sikuijibu. Natumai u mzima. Hii nimeiandika kwa kalamu na kuipeleka posta mwenyewe. Mistari inapanda na kushuka, isome hivyo hivyo.

Mkono wa kulia unatetemeka tangu mwaka jana. Daktari anasema dawa itautuliza kiasi, lakini haitaurudisha ulivyokuwa. Nilimkataza Mama kukwambia. Niliona aibu, mwanangu. Maisha yangu yote nimeitwa fundi kwa sababu ya mkono huu, na sasa unanimwagia hata chai. Nilitaka angalau wewe ubaki na yule baba uliyemwacha.

Vichwa viache na fonti ile ile. Naipenda kweli, sikusema ili kukuridhisha. Jina nimelipaka upya, bila utepe. M ina mawimbi, kivuli kimenenepa upande mmoja, na mkia ulikatika katikati nikauunga. Mama anasema ni zuri kuliko yote niliyowahi kupaka, lakini Mama unamjua.

Picha hatujapiga, maana halijaisha. Nukta za i sijaweka. Ningeweza, nukta hainishindi hata sasa, ila kazi hiyo haijawahi kuwa yangu. Ubao uko mezani karibu na dirisha, na ile brashi ndogo nimeiosha. Jana jirani yetu muuza viatu kaingia, akauliza mbona bango halina nukta. Nikamwambia mwenye nukta yuko kazini, tunamsubiri.

Baba yako