Siku Salama za Wifi Fausta

Ijumaa, 10 Januari

Siku ya tisa ya mzunguko wa Wifi. Nimeizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Kuanzia leo hadi siku ya kumi na tisa ni hatari. Nimemwambia Wifi Fausta jikoni, tukimenya viazi. Akacheka. Akasema kaka Emanueli analalamika: "Kalenda yako ina siku nyingi za kufunga kuliko Kwaresima." Nikainamia sufuria. Mambo hayo ya kaka yangu sitaki kuyasikia. Lakini anayehesabu ni mimi.

Palizi hadi saa sita. Mgongo unauma.

Niandike ilivyoanza. Wifi ana watoto wawili, wote kwa upasuaji. Wa pili, Deo, ana mwaka mmoja. Daktari alimwambia apumzike miaka mitatu, kovu lipone. Akawa anachoma sindano ya uzazi wa mpango zahanati kila miezi mitatu, na kila Jumapili wakati wa Komunyo anabaki kwenye benchi. Anasema moyo unamsuta. Novemba, nilipomaliza kidato cha nne, nikamwambia ipo njia ambayo Kanisa linairuhusu. Ya kuhesabu siku. Tulifundishwa kwenye semina ya vijana parokiani. Mimi, ambaye darasani sikuwahi kunyoosha mkono. Alinisikiliza kama mwalimu. Desemba hakwenda kuchoma.

Jumapili, 19 Januari

Wifi amepokea Komunyo. Mara ya kwanza tangu Deo abatizwe. Alirudi kwenye benchi analia, kitenge kikiwa mdomoni. Mama akaninong'oneza: "Umefanya kazi ya mtawa."

Nilifurahi kupita kiasi. Sikusikia hata matangazo.

Ijumaa, 24 Januari

Matokeo nimeyaona leo kwenye simu ya kaka. Daraja la tatu. Kiswahili B. Baiolojia D. Mama amechinja kuku hata hivyo.

Siku ya ishirini na tatu. Salama. Nimemwambia Wifi.

Jumatatu, 10 Februari

Damu ilitakiwa kuja tarehe thelathini. Haijaja. Nimehesabu upya mara nne. Wifi anasema labda ni dawa ya sindano bado inatoka mwilini. Nimesema ndiyo, labda. Sijui chochote kuhusu hilo.

Jumamosi, 15 Februari

Nimelitafuta daftari la semina. Lilikuwa chini ya gunia la maharage. Mwanzoni nimeandika vizuri: ndoa, zawadi ya uzima, kwa nini Kanisa linakataa sindano na vidonge. Mistari imenyooka. Halafu nusu ukurasa mweupe. Halafu sala ya kufunga.

Nakumbuka ile nusu ukurasa. Mama aliyekuwa anafundisha alianza kueleza dalili za mwili, ute na joto, na namna ya kuandika miezi mingi kabla mtu hajaanza kuitegemea hesabu. Wavulana wa nyuma wakaanza kukohoa na kucheka. Mmoja akasema, "Paskalina, andika hiyo, usisahau!" Kila mtu akageuka. Nikaweka kalamu chini, nikatazama viatu vyangu hadi somo likaisha. Baadaye niliona aibu kumfuata yule mama na kumuuliza.

Nilichompa Wifi ni kile nilichoandika. Kile nilichoona aibu kukiandika hakupewa.

Jumatano, 19 Februari

Zahanati. Tulikwenda kwa miguu, Deo mgongoni kwangu. Kipimo cha mkojo. Mistari miwili.

Nesi si mkali kwa kawaida. Leo alifunga mlango. "Mama, nani alikwambia uache sindano?"

Wifi akasema, "Niliamua mwenyewe."

"Ukahesabu siku?"

"Nikahesabu."

"Baada ya sindano mwili unaweza kukaa miezi mingi haujatulia. Unahesabu kitu gani hapo? Wanaotumia kalenda wanafundishwa kwanza, wanaangalia mzunguko wao nusu mwaka. Na wewe una kovu mara mbili." Akamwambia hospitali ya wilaya, kila mwezi. Asithubutu kusubiri uchungu nyumbani, kovu linaweza kuachia, na hapo anaweza kufa yeye na mtoto.

Nilikuwa nimesimama palepale. Wifi hakunitazama. Ningeweza kusema ni mimi. Maneno mawili. Nikamtikisa Deo ambaye hata hakuwa analia.

Njiani Wifi akasema, "Usimwambie mtu. Wewe ni mtoto." Ana miaka ishirini na nne. Mimi kumi na nane.

Jumapili, 23 Februari

Wamejua. Mama anasema mtoto ni baraka na Mungu hakosei. Akina mama wa jumuiya walipokuja kusali kwetu wakapiga vigelegele. Jirani yetu Mlutheri, Mama Neema, alileta maziwa. Akaniambia pembeni: "Kwetu mchungaji anatuachia sisi na waume zetu na daktari. Ninyi mnabebeshwa mzigo mzito." Nilitaka kumjibu kwamba siyo Kanisa, ni mimi. Nikamshukuru kwa maziwa.

Kaka hali chakula. Jana alimuuliza Wifi mbele yangu, "Hesabu ilikuwa ya nani?" Wifi akasema ya kwake.

Mara ya pili ananifunika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeungama. Nilisubiri hadi foleni ikaisha, ili nyuma yangu asiwepo mtu. Nilisema vibaya, nikaanzia katikati. Padre akaniuliza, "Binti, umeolewa?" Nikasema hapana, ni wifi yangu.

Aliniambia kumtakia mtu neema si dhambi. Kufundisha usichokijua, na kujua kwamba hukijui, hilo niliombee msamaha. Halafu: "Na kaka yako anajua?"

"Hapana, Padre."

"Basi malipizi yako yako nyumbani, siyo hapa."

Nikamuuliza jambo moja. Daktari wa hospitali amesema baada ya mtoto huyu, Wifi afungwe kizazi. Je, akikubali? Padre alishusha pumzi. Akasema mafundisho ya Kanisa ninayajua, hawezi kuyabadilisha ili mimi nipate usingizi. Lakini hatazungumzia dhamiri ya Fausta na mimi. Fausta aje mwenyewe, au yeye atakuja.

Nimesamehewa. Mzigo haujapungua hata kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia kaka. Alikuwa anapiga mpini kwenye jembe nyuma ya zizi. Nilisema yote nikiwa nimeshika ndoo. Hakuacha kugonga.

"Nilijua," akasema. "Fausta hajui kuchora duara likafunga."

Nikangoja anipige. Hajawahi kunipiga, lakini nilingoja.

"Akifa, hawa watoto ni wako. Umesikia? Hutaolewa, hutasoma. Utawalea."

Nikasema ndiyo.

Jumapili, 13 Julai

Baridi na ukungu tangu alfajiri. Miguu ya Wifi imevimba, viatu vya kanisani haviingii. Anapokea Komunyo akiwa na kandambili. Kazi zake zote nafanya mimi: maji, kuni, kukamua. Mama anasema nimekuwa binti mwema. Sipendi akisema hivyo.

Wenzangu wawili wameenda kidato cha tano. Mimi sikuomba chuo. Sikumwambia mtu kwa nini.

Kaka anaongea na mimi sasa, lakini kuhusu ng'ombe tu.

Wifi aligundua leo kwamba naamka kumsikiliza kama anapumua. Akanizomea: "Wewe! Nikifa nitakuja mwenyewe kukugongea, lala!" Tukacheka hadi Deo akaamka. Halafu nikalia, na yeye akaendelea kucheka peke yake ili nisionekane nimelia.

Alhamisi, 2 Oktoba

Hospitali ya wilaya, Mbulu mjini. Upasuaji ulikuwa saa nne asubuhi.

Kabla hajaingia, nesi wa wodini alileta fomu mbili. Moja ya upasuaji. Ya pili ya kufunga kizazi. Daktari alieleza taratibu, mbele ya kaka: kovu limekuwa jembamba kama karatasi, mimba nyingine hashauri kabisa. Akasema hakuna anayelazimishwa. Kaka akatazama dirishani. Akasema, "Mwili ni wako, Mama Deo. Mimi nakutaka nyumbani."

Wifi akanigeukia mimi. "Wifi, wewe uliyesoma. Unasemaje?"

Najua mafundisho. Ningeweza kuyasema yote, mistari imenyooka. Najua pia alichosema daktari. Nikafungua mdomo.

"Sijui, Wifi."

Alinitazama. Siyo kwa hasira. Akasema, "Haya. Nishikie kitenge." Akaweka sahihi fomu ya kwanza. Akakaa. Akafanya ishara ya msalaba. Akaweka sahihi ya pili, herufi kubwa, polepole: FAUSTA.

Nilikaa kwenye korido na rozari mkononi, sikusali. Nilikuwa nasikia magurudumu ya kitanda tu. Kaka alikuwa upande wa pili. Saa tano na nusu nesi akatoka: mtoto wa kike, kilo tatu. Kaka akauliza, "Na mama yake?" Nesi akasema amepoteza damu nyingi, wanamwongezea, tusubiri.

Tulisubiri hadi saa tisa. Kaka alihamia benchi langu. Saa tisa tukaitwa. Yuko hai. Midomo mikavu. Aliuliza kama nimekula.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikwenda Misa. Nimebaki na Wifi, hawezi kutembea mbali bado. Nimekanda mgongo wake, nimempikia uji wa ulezi. Mtoto ananyonya vizuri. Bado hana jina, wanabishana.

Mchana Padre alikuja na Komunyo ya wagonjwa. Nilimpa shikamoo, nikamwekea kiti, nikawasha mshumaa. Wifi akasema, "Paskalina, tuache kidogo." Nikatoka, nikavuta mlango.

Nilianika nepi. Kumi na moja. Dirisha la chumba liko palepale juu ya kamba, na lilikuwa wazi. Nilisikia sauti ya Wifi, halafu ya Padre, chini chini. Nikachukua beseni nikahamia kwenye uzio wa zizi, nikaanika zilizobaki huko, juu ya miti.

Walikaa muda mrefu. Jua lilikuwa zuri. Nepi za kwanza zilishaanza kukauka.